Moshi wa Mchana Kweupe

Bibi yangu, shikamoo.

Nina neno la kukuambia, nimelichelewesha miaka mingi.

Unakumbuka nilivyokusumbua wiki nzima mpaka ukakubali kwenda nami banda la video, Mwembesongo? Mkanda ulikuwa wa dunia iliyokwisha: maghorofa yamebaki magofu, askari wa chuma wanawasaka watu waliobaki. Ulikaa benchi la mbele ukiwasema wakimbizi wale kwa kubeba bunduki bila hata kipande cha muhogo. Kisha mmoja wao akawasha moto mchana kweupe. Ukasimama, ukapiga kelele: "Zimeni! Wataona moshi!"

Banda zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, bibi, tena kuliko wote, ili wasidhani niko upande wako.

Hukunikaripia. Tulitoka kabla mkanda haujaisha, na tulipofika darajani ndipo ukasema, "Mume wangu, sisi dunia yetu ilishakwisha zamani." Ukanisimulia vita ya Mjerumani ilivyofika Uluguru, askari wake wakikamata wanaume wakawe wapagazi. Mlijificha msituni, juu ya kijiji. Mama yako alipika pale tu ukungu uliposhuka, moshi usionekane. Siku moja ukungu haukuja. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji, mdogo wako analia njaa, ukamchomea hindi. Jua halijageuka, askari wakafika wakamchukua baba yako. Hakurudi.

"Nilimuuza baba kwa hindi moja," ulisema.

Nami, mtoto wa miaka kumi, nikakuuliza kama kesho tutarudi kuona mwisho wa mkanda. Mpaka leo naona aibu.

Jana nilitazama filamu ya namna ileile na binti yangu. Ana miaka minane, umri wako siku ile ulipochoma hindi. Katikati ya filamu mdogo wake akalia njaa, naye bila kuambiwa akaenda kuwasha jiko amchemshie uji. Nikaitazama mikono yake ilivyo midogo, machozi yakanitoka.

Bibi, hukumuuza mtu. Ulimlisha mdogo wako. Waliomchukua baba yako ni wale waliopanda mlima kumtafuta. Haya ndiyo niliyopaswa kukuambia pale darajani, nikiwa nimekushika mkono.

Pumzika sasa. Asubuhi hii mlima uko wazi, ukungu hakuna, na moshi unapanda kutoka kila nyumba. Hakuna anayesema, "Zimeni!"

Mjukuu wako,
uliyeniita mume