Baba wa Kukodi

Jumatatu, 2 Juni
Nimeshona mishanana sita leo, mavazi yetu ya sherehe, yote ya harusi za watu. Mgongo unauma. Soko la Kimironko, hapa Kigali, limejaa, hakuna pa kuweka mguu. Mshanana wangu mwenyewe bado sijaukata. Gusaba, siku ya kuposwa kwangu, imebaki wiki tatu. Sina hamu hata ya kuchagua rangi.

Alhamisi, 5 Juni
Kaka Fausti alikuja na gari la ofisini. Tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wa kila kitu. Anasema wakubwa wake watahudhuria, kwa hiyo baba yake Anselmi, mchumba wangu, asionekane. Mshona viatu wa Rwezamenyo hawezi kukaa mbele ya wakurugenzi. Atakodiwa mzee mwingine, mwenye suti na Kifaransa kizuri, aitwe baba wa bwana harusi. Mama aliangalia chini. Mimi nikamwongezea kaka chai. Najichukia.

Jumamosi, 7 Juni
Nilipanda hadi Kinyinya, Anselmi anakoweka vigae kwenye ghorofa la mtu. Nilidhani atawaka. Akasema, "Nilishakubali, Dativa. Kaka yako alinipigia juzi. Ni siku moja tu."
Siku moja tu. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Nampenda, na nilitaka kumpiga.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikusikia neno hata moja. Nimechoka.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda Rwezamenyo kwa mzee, baba yake Anselmi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimkuta anajifunza hotuba yake ya gusaba, ukurasa mzima, kalamu ya bluu. Ikabidi nimwambie mimi. Aliikunja karatasi taratibu.
"Mwanangu, mimi nitakaa nyuma na wapishi. Usigombane na ndugu yako kwa ajili yangu."
Kisha akaniuliza kama nimekula.
Nililia kwenye basi. Watu wakanitazama. Wanitazame.
Nilipofika nyumbani nilimpigia kaka. Gusaba ya namna hiyo siitaki, nikamwambia. "Basi uolewe kama mtu asiye na kwao," akasema. Nikakata simu. Anselmi nikampa maneno yaleyale: baba yako au basi. Halafu akasema ameona aibu tangu siku aliyomkubalia kaka.

Alhamisi, 26 Juni
Tumefunga ndoa ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, pamoja na jozi nyingine tisa za wachumba. Gusaba haikufanyika: hakuna ng'ombe wa mahari, hakuna hema. Kaka hakuja. Mama alifika amechelewa, kwa moto, pikipiki ya abiria, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi karibu na mzee. Karani alipouliza wazazi wa bwana harusi wako wapi, mzee alisimama upesi mno, kiti kikaanguka. Watu wakacheka. Yeye pia.

Jumapili, 29 Juni
Tumepanga chumba na sebule. Anselmi ameniomba radhi tena. Nimemwambia akamwombe baba yake. Ameondoka asubuhi kwenda Rwezamenyo, hajarudi bado. Kaka nimempigia mara mbili, hapokei. Inaniuma, sitajidanganya. Nimefua mashuka, nimeyaanika uani. Jua kali. Nalala kidogo.