Vishikio vya Palan

Jumatatu, tarehe 3
Rula, kalamu, jasho. Bado nachora palan mpya ya kunyanyulia vyuma vizito katika atelye, karakana ya reli. Leo vichwa vyake viwili vya kutembelea: magurudumu yananing'inia kwenye mdomo, ule ukingo wa chini wa chuma cha darini, mzigo wote chini yake. Gurudumu likivunjika, palan nzima inaangukia watu. Kwa hiyo nimeongeza vishikio vine vya kuudaka ule mdomo. Vizuri kweli.

Jumatano, tarehe 5
Shefu Lukonga, mkubwa wa ofisi yetu ya michoro, amefuta vishikio vyangu. Kwa kalamu nyekundu! Eti chuma ni cha jukwaa la sikukuu ya chama. Wakubwa wasimame juu ya jukwaa, sisi tufe chini ya palan. Nimekataa kutia saini. Akasema stesheni ndogo ya Kibombo wanatafuta karani. Anipeleke! Mke wangu Asha ameuliza kama nimepata wazimu. Nimepata.

Ijumaa, tarehe 7
Nimetoka msikitini, nikakuta desen yangu, mchoro uleule, kwa mafundi. Bila vishikio. Saini ya Lukonga, kubwa. Nimevichora upya, nikavibandika ukutani mbele ya mlango wake. Avifute na hapo.

Jumamosi, tarehe 8
Salongo, kazi ya lazima ya umma. Sote tunakata majani, Lukonga pia. Mzee Shabani, mkubwa wa mafundi, akamwambia kwa adabu zote, akimwita raia kama chama kinavyotaka: “Sitwayeni shefu, siku ya kwanza palan inanyanyua, mwenye saini njo anasimama chini. Tangu Wabeleji iko vile.”
Lukonga ametoka Kinshasa juzi tu, hakujua. Nami kwa hasira nilikuwa nimesahau! Alicheka peke yake. Kisha panga lake likasimama.

Jumatatu, tarehe 10
Chuma kimetoka kwenye jukwaa. Lukonga ameleta desen mwenyewe, bila kuniangalia usoni. Jina lake amelikwangua kwa wembe. Kibombo hakuitaja. Vishikio vyote vine vimerudi. Nimetia saini palepale alipokwangua.

Alhamisi, tarehe 27
Nimesimama chini. Ekseli nzima ya behewa ikapita juu ya kichwa changu, polepole. Gurudumu moja lililia. Niliogopa sana. Nilijiuliza kama nimepima sawa.
Shabani akasema, “Toka basi, iko muzuri.” Nikabaki kidogo. Lukonga alikuwa mlangoni, akaangalia pembeni.
Nyumbani wali na sombe, majani ya muhogo. Asha alinipangusa kutu begani, akaniongezea wali.