Mama Hataki Kushuka

Mandewa, 4 Septemba 2024

Mdogo wangu Agnes,

Habari za Ulemo? Mama anaamkaje? Sisi huku wazima, isipokuwa upepo umeamua kuhamishia vumbi lote la Singida sebuleni kwangu. Naandika kwenye karatasi na kumpa kondakta kwa sababu kwenye simu nikitaja pikipiki unakata.

Madaktari wa macho wapo hospitali hapa hadi Ijumaa ya tarehe ishirini. Wanatoa mtoto wa jicho, na jina la mama nimeshaliandikisha. Wakiondoka hatujui watarudi lini, na mama sasa anaona mwanga tu. Basi hapandi, akisikia harufu ya dizeli anatapika. Kwa hiyo nakuja kumchukua kwa pikipiki yangu kubwa. Usicheke. Najua injini yake haina rejeta, inapozwa na upepo wa safari, na najua iliniunguza suruali mbele ya shemeji. Siku hizi nimejifunza: natoka asubuhi na mapema, mlimani siilazimishi, ikianza kulalamika napumzika.

Kaka yako,
Hosea


Ulemo, 10 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo, mama anakula vizuri. Hiyo suruali niliitia kiraka mimi, kwa hiyo kujifunza kwako nakujua.

Mama amekubali pikipiki. Anasema afadhali kuungua kuliko kutapika. Ila ana sharti: usisimame kwa mjomba Leonidas. Hajasahau kwamba mdogo wake wa tumbo moja hakuja kumzika baba. "Nikipita pale nitageuza uso, hata kama sioni," ndivyo alivyosema.

Naogopa, kaka. Jana ameshika jiko la moto akidhani ni kigoda. Mfikishe tu. Vumbi nitalikinga mimi, kuna kitu nakishona.

Mdogo wako,
Agnes


Ujumbe wa simu, 18 Septemba, jioni

Shikamoo kaka. Mmeondoka tangu asubuhi, simu yako haipatikani, nesi anasema hamjafika. Siwezi kukaa. Nimeshaenda barabarani hadi majirani wananiuliza namsubiri nani. Mko wapi? Mdogo wako.


Singida mjini, 19 Septemba 2024

Mdogo wangu, marahaba, na usinune. Simu ilizima. Mama mzima. Na mimi mzima, ingawa hujauliza.

Lile turubai ulilomshonea mama lilikuwa zuri mno. Ulilifunga mbele kutoka usukani hadi chini, tukaondoka kama watu waliopanda hema, na mimi mjuaji nikakusifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba upepo tunaomkinga nao mama ndio huo huo injini inaoutegemea. Tulipoanza kupanda mlima injini ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, harufu ya mafuta yanayoungua ikanifika puani, nikazima. Nikainua macho. Tumesimama mbele ya mji wa mjomba Leonidas. Sikupanga, naapa. Mama hadi sasa haamini.

Hakushuka. Alikaa palepale juu ya kiti, jua linampiga, uso kauelekeza barabarani. Mimi naizunguka pikipiki, nakata kamba za turubai, natazama jua, nawaza madaktari. Mara mjomba huyo, anakimbia na ndoo ya maji aimwagie injini. Nikamzuia: chuma kilichopata moto vile kikipata maji ya baridi kinapasuka, na safari inaishia hapo. Akabaki amesimama na ndoo yake, hana pa kuipeleka.

"Shikamoo, dada," akasema.

Injini inalia tik, tik, inapoa.

"Hayo maji," mama akasema mwishowe, "kama pikipiki imeyakataa, ninawishe mikono."

Unamjua mama, akinawa kwa mtu, anakula kwake. Mjomba alimshusha mwenyewe, akamnawisha kidole kimoja kimoja, machozi yanamtoka, na mimi nikajifanya nakagua plagi. Habari ya msiba ilimkuta machimboni, matanga yameshapita. Akaona aibu kuja kwa kuchelewa, na kila mwaka aibu ikaongezeka. Hayo aliyasema akimchinja kuku. Injini ilipopoa hadi ikashikika kwa mkono, nikasema twende. Wakanitazama kama mtoto anayelilia kwenda kucheza. Akaliwa kuku, ukaliwa ugali wa mtama, kisha marehemu wote wa ukoo wakakumbukwa kwa zamu. Usingizi sikuupata. Kulipokucha tu nikawasha, kabla hawajapata marehemu mwingine.

Mama alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Wamemfanyia upasuaji leo mchana. Mjomba alitufuata kwa basi, yupo kwenye benchi nje ya wodi na hataki kuondoka.

Bandeji inatolewa kesho asubuhi. Mama ameniita karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini Leonidas amezeeka kiasi gani. Nikamwambia kesho atajionea mwenyewe. Akasema hapana, nimwambie sasa hivi, nywele, meno, kila kitu, asije akashtuka mbele yake.

Nimemwambia.

Kaka yako,
Hosea