Mbwa wa Mama Wanjuhi

Kericho,
18 Agosti 1996

Kwako dada Chepchumba,

Nakusalimia mara nyingi kuliko majani ya chai ninayochuma kwa siku, na wajua hakuna mtu hapa ananishinda kuchuma. Huko Fort Ternan mnaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Sisi hatujambo. Mama anasema kikohozi kimeisha, ingawa bado anakohoa.

Sasa, zile rangi za mafuta ulizonitumia zimefanya kazi. Wewe uliyesema vidole vyangu vinajua tu kuchovya andazi kwa chai, pole. Jirani yetu Mama Wanjuhi aliniomba nimchoree mbwa wake Popi, maana mbwa alikuwa amezeeka na mwenyewe hakuwa na picha yake hata moja. Tangu mzee wake afariki, Popi ndiye alikuwa wa kuongea naye. Nilimchora siku sita. Mvi za mdomo, pua yenye majimaji, kila kitu. Hata kuku wetu walikataa kupita mbele ya picha hiyo, sikudanganyi.

Lakini rangi hizo hazikauki haraka kama ile ya kuandikia ukuta wa duka. Nikajiona mwerevu, nikatundika picha jikoni juu ya moto, pale Mama anapokaushia mahindi ya mbegu. Siku ya tatu masizi yalikuwa yamefunika uso wote wa Popi. Nikapangusa na kitambaa cha mafuta taa, uso ukaondoka na kitambaa. Wiki hiyo hiyo Popi akafa.

Dada, hapa ndipo ninaona aibu, na ni wewe tu ninakuambia. Nilienda kwa rafiki yangu Kipkosgei nikachora mbwa wake juu ya ile picha ya Popi iliyoharibika, kwa vile wote ni wa kahawia, nikamwongezea mvi. Nikampelekea Mama Wanjuhi, nikasema huyu ndiye Popi. Akalia, akaniombea. Watu wakija kuiona, mimi nasimama hapo kifua mbele. Na yeye kila asubuhi anaisalimia kabla ya kufungua duka.

Jana aliniita, akanimiminia chai. Akaniuliza polepole huyu mbwa anaitwa nani, kwa sababu si vizuri kumsalimia kila siku kwa jina la mwingine. Niliacha chai mezani nikatoka.

Asubuhi hii nimemwuliza Kipkosgei. Mbwa wake anaitwa Bobi. Nikifunga bahasha ninaenda kumwambia Mama Wanjuhi jina hilo, na mengine yote.

Wabusu watoto, na barua hii usimsomee shemeji.

Ni mimi ndugu yako,
Kiplimo