Shikamoo Katikati ya Mbio

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku hatujambo. Dada yangu Mwanaidi ameanza kutembea tena, mumewe akimshika mkono.

Umeniuliza, kati ya wanachuo wote niliowafundisha riadha miaka ya hamsini, nani alikuwa bora. Ni Salimu. Katika mbio za vyuo aliongoza mpaka Kigombe, akamkuta bibi kizee ana kuni kichwani. Akasimama, akamwamkia. Bibi akamuuliza habari za nyumbani, naye akajibu zote. Wenzake wanne wakampita.

Nilimfokea sana. Akasema, "Mwalimu, ningempitaje mtu mzima kama napita nguzo ya simu?"

Nilinuna wiki nzima. Lakini Salimu huyo alipoleta posa kwa Mwanaidi, wazee wakataka kwanza kumchunguza tabia, niliwaambia wasijisumbue.

Babu yako, Tanga