Paka Wako na Shingo Yangu

Mahurunga,
Mtwara.
3 Septemba 1983

Mpendwa Dada Mwajuma,

Kabla ya salamu nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nadhani nina ugonjwa wa yule paka wako.

Sasa shikamoo, Dada. Shemeji Shabani na watoto hawajambo huko Uingereza? Baridi mnaiwezaje? Huku mihogo imekubali, na mikorosho ina maua.

Kaka Saidi alitusomea barua yako barazani. Mimi nilisikiliza nyuma ya pazia, kwani nimewekwa ndani tangu Mfungo Mosi nikingoja harusi. Bibi alicheka akashika mbavu: “Paka ana daktari! Basi na kuku wangu apelekwe!” Nami nilicheka, mpaka Saidi alipofika pale uliposema paka yule mliyemtibu katika hospitali yenu ya wanyama alikula sana na bado akakonda, hatulii, moyo unamwenda mbio, kwa sababu tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Nikajishika shingo.

Dada, nalishwa uji wa nazi, ugali, samaki na korosho, lakini nguo zinanivuka. Somo wangu anayenifunda hunitania: “Mwali gani wewe, unakula kama mpagazi unabaki ufito! Au bwana humtaki?” Kisha huongeza uji. Namtaka, Dada. Ila mikono inatetemeka, hata kofia yake nashindwa kuidarizi, na uvimbe wa shingoni naufunika kwa mtandio.

Dawa yenu imenistaajabisha. Sindano moja tu ya iodini yenye mionzi, nayo yenyewe inaifuata ile tezi na kuiunguza, sehemu nyingine zote za mwili zikabaki salama! Nimependa zaidi ulivyomtunza alipotengwa. Hukuruhusiwa kumpakata mpaka mionzi ipungue, lakini ulisimama mbali ukimwongelesha. Niliposikia ameanza kunenepa, nililia.

Je, watu nao hupewa dawa hiyo? Nikijua ugonjwa huu unatibika, nitapata nguvu ya kumwambia Mama kabla ya harusi. Lakini jibu lako nalo litasomwa barazani, kwa hiyo usinitaje. Andika habari za paka tu. Ukisema kwamba watu pia hutibiwa hivyo, nitaelewa.

Wasalimie Shemeji na wanao. Mungu aibariki mikono yako. Nakuomba usimwambie mtu, hata Shemeji. Bibi atasema nimerogwa, na upande wa bwana watarudi nyuma. Niachie mimi nimwambie Mama.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,
Somoe