Makofi kwa Anayekosea

Chumba cha juu,
nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Vipi goti, limeshakusamehe, au bado linakununia ukipanda ngazi? Mimi mzima kabisa, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Yule Kasuku wako uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa domo lake, sasa analipwa kwa domo hilohilo! Nafundisha Kiingereza watu wazima wanaozungumza Kifaransa, na mambo yao, Shangazi, we acha tu.

Mwoka mikate, mtu mpole kupindukia, alimwambia meneja wake kwa Kiingereza, "Nakuamuru unipe likizo." Masikini, kwa Kifaransa neno lile ni kuomba tu! Dereva wa teksi naye akawaambia polisi kwamba amesaidia ajali, kumbe kwa Kifaransa neno lile ni kushuhudia tu. Walimhoji hadi jasho likamtoka.

Basi nikaweka sheria: anayekosea kwa sauti apigiwe makofi. Majirani wa chini wanadhani tuna harusi kila Jumanne.

Ila mmoja alinitia unyonge. Ni fundi cherehani, tunamwita Mama Kimya. Mjukuu wake amezaliwa mbali na anajua Kiingereza tu. Binti yake akipiga simu na kumpa mtoto azungumze, bibi anakata kwa woga. "Ataniona mjinga," aliniambia, machozi yanamlengalenga. "Atanikataa."

Jumanne iliyopita simu yake ikaita darasani, ni binti yake na mtoto. Nikaweka sauti ya nje, nikamwambia, "Leo hukati, mama. Kosea tu."

Akashika meza kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiingereza, "Mimi bibi yako. Nakuamuru unipende!"

Sote tukainamia simu, Shangazi. Kisha kasauti kadogo kakajibu kwa Kifaransa cha kujikwaa: "Ndiyo, babu. Nakupenda."

Kumbe mtoto naye alikuwa anajifunza kwa ajili yake! Mwoka mikate akaanza kupiga makofi, darasa zima likafuata. Mtoto akashtuka, akauliza kelele zile ni za nini. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kimya akamjibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya juu: "Umekosea, mjukuu wangu. Karibu darasani!"

Nililia mbele ya wanafunzi wangu, wala sikuona haya.

Nisalimie Baba, Mama Mdogo na binamu zangu wote, hata yule mchoyo wa vocha. Mungu alilainishe hilo goti, upande ngazi mpaka kwangu.

Wako akupendaye bila kuamriwa,
Kasuku